Hesabu za Uinjinia Zilivyotutenda

Kwetu Visiga nilianza kuitwa injinia kabla sijakanyaga darasa la chuo. Jina langu lilipotokea kati ya waliochaguliwa kusomea uhandisi wa ujenzi, mama alimwambia jirani mmoja tu, mwenye genge mbele ya nyumba yetu. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Mwenye duka aliniita nikamwangalizie friji linalovuja. Mama mmoja wa kwaya, ambaye ukuta wa sebule yake ulikuwa umepata ufa, alinishika mkono baada ya ibada akanipeleka hadi kwake nikauone. Niliutazama, nikaugusa kwa kidole, nikasema, "Ni ufa." Yeye akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, akaniletea soda.

Hesabu nilikuwa naziweza. Lazima niliseme hilo mapema, kwa sababu mtu akisikia habari za kufeli huwa anadhani aliyefeli alikuwa mzembe. Shuleni nilikuwa msichana wa mbele, na wenzangu walinifuata bwenini niwaelekeze. Baba alihamia Pwani kutoka kaskazini kwa ajili ya kazi ya ofisi na kila alfajiri aliondoka kuwahi Dar. Alikuwa na kawaida ya kuwaambia wageni kwamba kichwa changu nimekirithi kwa babu. Kwa hiyo nilipoingia chuo niliogopa chakula, niliogopa bweni, niliogopa kupotea njia. Hesabu sikuziogopa hata kidogo.

Wiki ya kwanza ilinitosha.

Mhadhiri wa hesabu alikuwa mzee mpole mwenye sauti ndogo, na ukumbi ulijaa mpaka wengine walikaa kwenye ngazi. Aliandika mstari mmoja ubaoni, akaandika wa pili, kisha akasema, "Kutoka hapa ni wazi kwamba," akaandika kitu ambacho hakikuwa na undugu wowote na ile mistari miwili. Nilitazama kushoto na kulia. Kila mtu ananakili. Nikanakili na mimi. Aliyekaa kando yangu, msichana mwembamba aliyefunga hijabu ya bluu, hakunakili. Alinyoosha mkono.

"Samahani mwalimu, ni wazi kwa nani?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakuwa anatania. Mhadhiri naye alitabasamu, akasema, "Utaliona ukifika nyumbani."

"Nyumbani kwetu hakuna anayelijua," alijibu, akaketi.

Huyo ndiye aliyekuja kuwa rafiki yangu. Alitoka Kibuta, Kisarawe, kwa mama yake mkulima wa mihogo na korosho, na alikuwa na ugonjwa mmoja ambao nimeusema sana na bado nausema: hakuweza kutumia kitu asichokielewa. Sisi wengine tulipewa kanuni tukaitumia kama mtu anavyotumia swichi ya taa. Yeye alitaka kujua waya umepita wapi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo katika mwaka wa kwanza wa uhandisi. Asubuhi kuna hesabu, ambako herufi fulani ndogo inasimama badala ya namba ya kufikirika, namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakuwa hasi. Ukishaikubali namba hiyo kwa shida, mchana unaingia darasa la umeme na mwalimu mwingine anakwambia hapa ile herufi ni mkondo wa umeme, kwa hiyo ile namba yenu tutaiita kwa herufi inayofuata. Kesho yake, kwenye mekanika, herufi hizo hizo zinakuwa mielekeo ya nguvu. Hakuna anayeomba radhi. Hakuna hata anayeona kwamba kuna jambo la kuombea radhi. Na katikati ya hayo kuna kemia ya saruji, kuna tabia za gesi zikipashwa moto, kuna michoro inayorudishwa kwa sababu mstari umekuwa mnene. Mimi niliyetaka kujenga madaraja nilikuwa nakokotoa joto la mvuke ndani ya silinda ambayo sijawahi kuiona na hadi leo sijaiona.

Nilimweleza baba habari za namba ya kufikirika nilipokwenda nyumbani mwisho wa wiki moja. Alikuwa anakula, akasimamisha tonge hewani.

"Yaani haipo?"

"Haipo, baba. Ila inatumika."

"Inatumika wapi kama haipo?"

"Kwenye umeme."

Alilitia tonge mdomoni, akatafuna taratibu. "Ndiyo maana unakatika," alisema.

Mama alicheka mpaka akaondoka mezani. Mimi sikucheka. Nilikuwa na testi Jumatatu.

Njia niliyoifuata ni ile wanayoifuata wengi. Kuna kitu wanafunzi wanakiita desa: nakala za mitihani ya miaka ya nyuma pamoja na majibu yake, zilizopitia mikono mingi mpaka wino umefifia. Unakariri desa. Hujui kwa nini mstari wa nne unafuata wa tatu, lakini unajua kwamba unafuata, na mtihani ukija na swali linalofanana unamwaga. Rafiki yangu alilitazama desa langu kama mtu anayetazama chakula kilichochacha.

"Hapa wamekosea alama," alinionyesha siku moja maktaba. "Na umekariri na kosa lenyewe."

"Mwaka juzi waliliandika hivyo hivyo wakapata."

"Walipata nini?"

"Maksi, mwenzangu. Walipata maksi."

Matokeo ya mwaka yalipotoka, wote wawili tulikuwa na sapu ya hesabu, yaani mtihani wa kurudia. Mimi nilifeli kwa sababu maswali hayakufanana na desa. Yeye alifeli kwa sababu alimaliza maswali machache tu, ingawa aliyoyamaliza yalikuwa safi kama yamepigwa chapa. Kwa kanuni za chuo chetu, ukifeli na sapu hiyo unaondoka. Wanafunzi wana neno lake: kudisko. Neno linachezacheza kama muziki, na jambo lenyewe halina mchezo hata kidogo.

Nilijaribu kujisomea Visiga, ikashindikana. Malori ya barabara ya Morogoro nimeyazoea tangu utotoni. Watu ndio walionishinda. Kila aliyepita aliuliza injinia amerudi likizo, na mama, ambaye hakutaka kusema neno sapu mbele za watu, alijibu kwamba nimepewa kazi maalumu ya chuo. Mwenye friji akarudi. Mama wa kwaya akaja kunieleza kwamba ule ufa sasa umeshuka hadi dirishani. Nilimpigia rafiki yangu simu, akasema, "Njoo Kibuta. Huku hakuna anayejua injinia ni nini." Nikapanda gari hadi Kisarawe mjini, kisha bodaboda, begi la madesa mgongoni.

Mama yake alinipokea vizuri sana. "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, karibu, hapa ni kwenu." Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, tukapewa mkeka barazani, na hakuna aliyetuuliza chochote. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kusoma bila mtu kunisimamia kichwani. Kilichobaki kunikera ni rafiki yangu.

Tulikuwa tunafanya hesabu za milinganyo, zile ambazo kitu kinabadilika na kasi ya kubadilika kwake inategemea kimebaki kiasi gani. Nilikuwa nazifanya haraka. Naona umbo la swali, naliweka kwenye fungu lake, namwaga hatua. Yeye alinitazama nikifanya moja mpaka mwisho.

"Hii inahusu nini?"

"Inahusu milinganyo ya daraja la kwanza."

"Hapana. Swali lenyewe. Linazungumzia kitu gani?"

Nilirudi juu nikasoma. Lilikuwa linazungumzia tangi la maji lenye tundu chini. Nilikuwa nimelifanya mara nyingi kiasi kwamba neno tangi nilikuwa silioni tena, naona herufi tu.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi kubwa la plastiki lililokinga maji ya mvua kutoka kwenye bati. Aliinuka, akanivuta, akafungua bomba lake hadi mwisho. Maji yakatoka kwa nguvu, yakaruka mbali mpaka kwenye migomba. Alichukua kijiti akachora alama ardhini pale yanapoangukia. Tukasimama. Baada ya muda yakawa yanaangukia karibu zaidi, akachora tena. Kisha karibu zaidi.

"Unaona? Yakipungua ndani, yanatoka polepole. Yakitoka polepole, yanapungua polepole. Kitu kinajizuia chenyewe. Huo ndio mlinganyo, basi. Hayo mengine ni namna ya kuandika."

Nitasema kweli, niliona. Nilisimama pale matope yakinipanda miguuni na kitu nilichokuwa nakimeza kama dawa kikakaa mahali pake kichwani, na nikahisi hasira. Hasira kwamba nimekaa mwaka mzima katika ukumbi uliojaa watu, na mtu mwenye shahada za kutosha ukuta mzima, na hakuna aliyefungua bomba.

Tulikuwa bado tunabishana kama maji yakifika usawa wa bomba ndiyo yameisha kihesabu au la, mama yake akatokea kutoka shambani na jembe begani. Alitazama matope, alitazama migomba iliyoloa, akaligonga tangi kwa kiganja. Likalia kama ngoma.

"Maji yangu yako wapi?"

Rafiki yangu akaanza kumweleza. Alimweleza vizuri, kwa kweli, kama alivyonieleza mimi, na zile alama za ardhini akamwonyesha. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo maji yakipungua yanatoka polepole."

"Ndiyo, mama."

"Hilo mngeniuliza. Ningewajibu na maji yangu yangebaki." Akatukabidhi ndoo. "Kisima mnakijua."

Tulichota maji mchana wote, kupanda na kushuka, jua likituchoma utosini, na kila tulipomimina ndoo ndani ya lile tangi ilikuwa kama tumetemea mate. Rafiki yangu njiani aliendelea kueleza. Nilimwomba anyamaze.

Siku zilizofuata tulibadilishana. Yeye alinieleza kwa nini, mimi nilijaribu kumfundisha kuharakisha. Mimi nilinufaika. Yeye hapana. Nilimpa swali na kumwambia aandike kanuni moja kwa moja, na kila mara alianza kwa kuijenga kanuni yenyewe kuanzia chini, kama mtu anayetaka kupika ugali akaanza kwa kulima.

"Kanuni imeshathibitishwa," nilimwambia. "Wazungu walishafanya hiyo kazi, wakafa, wakazikwa. Itumie tu."

"Nikiisahau katikati ya mtihani?"

"Hutaisahau."

"Wewe uliisahau. Ndiyo maana uko hapa."

Nililifunga daftari nikaenda kukaa jikoni na mama yake, nikamsaidia kumenya mihogo. Mama aliniangalia kidogo. "Tangu mdogo yuko hivyo," alisema. "Ukimtuma chumvi anauliza ya mboga gani." Baadaye rafiki yangu alikuja akaketi kando yangu, akachukua kisu, tukamenya wote watatu. Hatukuombana msamaha. Tulirudi mkekani.

Mtihani wa sapu haukuwa na tangi. Haukuwa na kitu chochote kinachopungua. Nilikaa nyuma yake mistari kadhaa, na nikawa naona bega lake likisogea kwa utulivu ule ule wa barazani Kibuta, mstari baada ya mstari, bila haraka yoyote, na moyoni nilikuwa namwambia ageuze karatasi. Geuza karatasi, nenda swali la pili, geuza. Msimamizi alipotangaza kwamba muda unakaribia kwisha, bega lilianza kukimbia. Karatasi zilipokusanywa alibaki ameshika kalamu hewani.

"Umefanya mangapi?" nilimuuliza nje.

"Usiniulize."

Matokeo yalitoka nikiwa Visiga. Niliyafungua kwenye simu nikiwa nimejifungia chooni, mahali pekee ambapo hakuna aliyeniita injinia. Nilikuwa nimepita, kwa alama za chini kabisa ambazo bado zinaitwa kupita. Kabla sijatoka, simu ikaita. Alikuwa rafiki yangu.

"Wewe je?" aliuliza.

"Nimepita."

"Hongera." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mimi nimedisko."

Nilimwambia tukakate rufaa. Hakutaka, nikamlazimisha, tukakutana chuoni tukaenda hadi ofisini kwa yule mhadhiri mpole. Juu ya meza yake kulikuwa na lundo la karatasi za madarasa mengine lililokaribia kumfunika. Alitukaribisha viti. Alimkumbuka rafiki yangu, akasema yule wa kuuliza. Alikubali hata kutueleza alichokiona.

"Alichoandika ni sahihi. Swali la kwanza amelijibu vizuri kuliko jibu langu mwenyewe. Nimempa alama zote." Akavua miwani. "Lakini alama zote za swali moja ni za swali moja."

"Kwa hiyo anaelewa kuliko sisi tuliopita," nilisema, "na yeye ndiye anaondoka."

"Mtihani una muda wake, binti yangu."

"Na injinia akijenga daraja, anajenga kwa saa ya mtihani?"

Rafiki yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Mzee hakukasirika. Alionekana amechoka tu, na alisema jambo ambalo sijui kama lilikuwa faraja au la kutukomesha: kwamba na yeye alipokuwa mwanafunzi alikuwa mtu wa polepole, na hajui alipitaje. Tukamshukuru, tukatoka. Rufaa haikufika popote.

Rafiki yangu aliondoka na begi moja, nami nikabaki na miaka mitatu mbele yangu. Nisiidanganye nafsi yangu kwamba ilirahisika. Maji yaliyokuwa yanatoka kwenye bomba la Kibuta yalirudi mwaka wa pili kama somo zima la mwendo wa vimiminika, lenye milinganyo ambayo, walituambia kwa furaha, hakuna aliyewahi kuikokotoa mpaka mwisho. Nilitaka kujua kwa nini basi inawekwa kwenye mtihani. Yalikuja majengo na mitikisiko, ikaja elimu ya udongo, ambako jibu la swali lilitegemea namba unayoichagua mwenyewe kutoka kwenye jedwali "kwa uzoefu", nasi uzoefu huo hatukuwa nao. Nilipokwama kabisa nilipiga picha swali nikamtumia rafiki yangu. Alikuwa amerudi kulima na mama yake. Hakuwa amesoma masomo yale. Jibu lilikuja hata hivyo, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, limeandikwa kwa penseli, na daima lilianza na swali: hii inahusu nini?

Baada ya mwaka mmoja shambani aliomba chuo kingine, akasomea ualimu wa hisabati. Huko alipita. Nilimuuliza amewezaje, na mitihani ya huko nayo ina saa. Alisema amejifunza kuacha swali likiwa halijaisha, na kwamba bado linamuuma kila anapoliacha.

Siku hizi ninafanya kazi Kibaha vijijini. Kwa sasa tuko Janga tunajenga makalavati ya kupitishia maji chini ya barabara, na mahesabu yote yanafanywa na programu ya kompyuta. Naingiza vipimo, nabonyeza, kompyuta inafikiri kidogo, inatoa kipenyo cha bomba. Silinda ya mvuke sijaulizwa. Namba ya kufikirika sijaiona tangu nilipovaa joho. Mara moja tu kompyuta ilinipa jibu ambalo nililitazama nikajua haiwezekani, maji ya korongo lile hayawezi kupita kwenye bomba dogo vile, na kweli nilikuwa nimekosea kuingiza kipimo. Wenzangu walisema huo ndio umuhimu wa shule. Labda. Ila kwa bei ile ya usingizi na machozi, ningetarajia umuhimu wa zaidi ya mara moja.

Rafiki yangu anafundisha sekondari moja Kisarawe. Mwaka huu aliniita nikaongee na wasichana wa kidato cha nne, niwape moyo wachukue masomo ya sayansi. Nilikwenda na kofia yangu ngumu na buti, kama alivyoniagiza. Niliongea vizuri, nadhani. Kisha msichana mmoja wa mbele akasimama.

"Madamu, ni kweli hesabu za chuo haziwezekani?"

Nilitaka kumpa jibu la hotuba. Nikashindwa. "Ni ngumu," nilimwambia. "Ni ngumu kuliko zinavyotakiwa kuwa ngumu, na nyingine wanaozifundisha hawajui kuzieleza. Nilifeli mara ya kwanza. Nililia sana."

 Rafiki yangu, aliyekuwa ameegemea dirisha, akasogea mbele bila kubadilisha uso, akaandika swali ubaoni, akanikabidhi chaki.

"Injinia atatufanyia hili."

Lilikuwa swali la kawaida tu, la kutafuta eneo chini ya mstari wa grafu. Niliandika mstari wa kwanza. Niliandika wa pili. Kwenye wa tatu nikakwama. Nilifuta kwa kiganja nikaandika upya, nikakwama pale pale, na nyuma yangu nikasikia viti vinalia na wasichana wananong'onezana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Gawanya kwanza, madamu." Nikagawanya. Likaenda. Walipiga makofi, na sikujua wanampigia nani.

Tulipotoka nje nilimgeukia. "Umenifanyia nini pale?"

"Nilitaka waone injinia akikwama."

"Ungeniambia kabla."

"Ningekuambia ungekariri."

Nilikuwa nimekasirika kweli, na chaki imenijaa mikononi na kwenye kofia. Yeye alikuwa anatazama darasani kupitia dirishani, ambako wale wasichana walikuwa wamelizunguka lile swali, wengine wamesimama, na yule aliyesema nigawanye alikuwa ameshika chaki anawabishia wenzake kuhusu mstari wa tatu.

"Twende tukale," alisema. "Mama ameleta mananasi."

"Siendi popote na wewe," nilimwambia, nikamfuata.